Siku Kimya Alipopanda Jukwaani

"Usinyanyuke," Msusi alimnong'oneza, akimbana mkono chini ya meza. "Mwache amalize kwanza."

Mfamasia wala hakumsikia. Macho yake yalikuwa yameganda jukwaani, kwa mwanamume mrefu aliyevaa shati la bluu, shati ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelipiga pasi asubuhi ile. Mshereheshaji alikuwa ametoka kumtangaza kwa jina la Kimya, na ukumbi mzima ulimpokea kwa makofi na miluzi, kama mtu wao wa siku nyingi. Kumbe watu walimjua. Asiyemjua alikuwa mkewe.

Hawa wawili walikuwa na miaka sita ya ndoa. Mume alikuwa fundi friji, mtu wa kutoa neno kama anatoa jino, na jina la Kimya alibandikwa na wenzake tangu wanajifunza kazi. Mke aliuza dawa kwenye duka lililotazamana na hospitali. Mwaka mmoja na miezi kadhaa nyuma walimpoteza mtoto wao wa kwanza, mimba ikiwa imeingia mwezi wa nane. Mama alikuwa kwenye chumba cha upasuaji, hajitambui. Alipozinduka kesho yake, mtoto alikuwa ameshazikwa.

Tangu hapo, mume aliyekuwa na maneno machache akaishiwa kabisa. Walisalimiana, walikula, walipeana migongo, kukicha wanaanza upya. Halafu, miezi mitatu iliyopita, Kimya akaanza kutoka kila Jumamosi jioni, kanyoa ndevu, ananukia. Ukimuuliza anakwambia kazi. Kazi gani ya friji inayotaka manukato? Ijumaa ndiyo ilimmaliza mke. Simu ya mumewe iliwaka mezani, ujumbe kutoka kwa mtu aliyehifadhiwa kwa jina la Mwenyeji:

"Kesho usichelewe. Kila mtu anakuulizia wewe tu."

Aliusoma mara moja, akaiacha simu pale pale, akaingia bafuni na kufungulia maji ili alie bila kusikika.

Msusi alikuwa rafiki yake tangu darasani, na ndiye pekee aliyeambiwa. Hakutoa ushauri. Alisema mteja wake mmoja amempa tiketi mbili za wachekeshaji, na kwamba mtu anayekaa nyumbani kumngoja mume asiyesema anakokwenda huishia kuhesabu vigae vya sakafu. Basi wakaenda. Na haya ndiyo waliyoyakuta.

"Mimi ni fundi friji," Kimya alianza, taratibu, kana kwamba anaongea na mtu mmoja. "Kazi yangu ni kurudisha ubaridi kwenye nyumba za watu. Kwangu hakuna friji. Ubaridi tulionao unatosha, tena mwingine nafikiria kuwauzia majirani."

Ukumbi ukacheka.

"Mke wangu ni mfamasia. Siku moja nikajikaza nikamwambia, mke wangu, nakupenda. Akanitazama vizuri, akaniuliza: tangu lini, na umetumia dawa gani?"

Msusi kicheko kilimponyoka, akaziba mdomo kwa mikono miwili. Mfamasia mwenyewe alihisi midomo inataka kumsaliti, maana maneno yale kweli yalikuwa yake, aliyasema mwaka wa kwanza wa ndoa, enzi za utani.

"Siku hizi hatuongei, tunaandikiana. Kuna karatasi kwenye mlango wa jikoni. Naandika: mkate umeisha. Anaandika: gesi imeisha. Juzi nikasema leo nakuwa mwanamume. Nikaandika: nimekukumbuka. Nikashinda kazini natazama saa. Jioni narudi mbio nikasome jibu. Chini yake ameandika: kumbuka na sabuni."

Watu walipiga meza. Mzee mmoja wa meza ya mbele alivua miwani akafuta machozi. Mfamasia alihisi uso unamchoma. Karatasi yenye neno hilo hakuwahi kuiona, wala jibu la sabuni halikuwa lake. Alisimama, na kiti chake kikakwaruza sakafu kwa kelele.

Kimya aligeuka kuangalia.

"Yule ni mke wangu," alisema kwenye kipaza sauti, kwa sauti ndogo.

Wakacheka zaidi, wakidhani ni sehemu ya kichekesho. Alipokilaza kipaza sauti juu ya stuli na kushuka ngazi, bado walikuwa wanacheka.

Alimkuta mkewe ameshatoka nje, upande wa nyuma, kwenye makreti ya soda tupu. Taa za barabarani ndiyo kwanza zilikuwa zinawaka.

"Watu mia mbili," mke alisema bila kumgeukia. "Umewaambia watu mia mbili kwamba nyumba yako ni baridi. Mimi umeniambia nini?"

Kimya alijieleza kwa kubabaika. Mwenyeji ndiye mwenye ukumbi. Aliitwa kumtengenezea friji, na mwenye ukumbi akamsikia anavyoisemesha ile friji kama mgonjwa, akacheka mpaka akakaa chini, akamwomba aje Jumamosi ayaseme hayo mbele ya watu. Alikuja mara ya kwanza kwa aibu ya kukataa. Mara ya pili alikuja mwenyewe, kwa sababu pale, kwa dakika kumi, kifua kilikuwa kinamfunguka.

"Ile karatasi," mke alimkatiza. "Sijawahi kuiona."

"Niliiandika. Nikaibandua kabla hujarudi."

"Kwa nini?"

"Niliogopa utaandika nini chini yake."

Mke aligeuka. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi walitazamana machoni.

"Sema tu kwamba unanilaumu," alisema. "Uliniambia nipumzike, mama yako akaniambia nipumzike, mimi nikasimama dukani mpaka siku ya mwisho. Sema, yaishe."

Kimya alimtazama kama mtu anayesikia lugha ngeni.

"Mimi nikulaumu wewe? Ulinipigia mara nne. Nilikuwa ndani ya chumba baridi cha bucha, simu nimeiacha nje kwenye koti. Mara nne, mke wangu. Ulikwenda hospitali na jirani. Kila ukininyamazia nasema, hiyo ndiyo hukumu yangu, acha niitumikie."

"Nilinyamaza kwa sababu wewe ulinyamaza."

Akashusha pumzi, akakaa juu ya kreti. Mumewe naye akakaa. Ndani ya ukumbi mchekeshaji mwingine alikuwa ameshapanda, na makofi yalisikika kupitia ukutani. Kila mmoja aliutua mzigo ambao mwenzake hakuwahi kumtwisha. Kisha mke akauliza lile swali alilolibeba tangu siku aliyozinduka, akiwa ameinamia mikono yake.

"Alikuwaje?"

Kimya alimsogelea.

"Nywele nyingi," alisema. "Nyeusi, zimemshukia mpaka usoni. Paji lako hilo hilo. Vidole virefu, vyangu. Na alikuwa amekunja uso kama mama yako akitajiwa bei ya kitu."

Kicheko kilimtoka mke kabla hajakizuia, kikageuka kilio katikati ya njia, na mumewe akamvutia kifuani. Akaendelea kumwambia, kidevu kikiwa juu ya kichwa cha mkewe, kwamba alimpakata mtoto muda mrefu, kwamba wauguzi walipokuja kumchukua aliwaambia bado, wakaja tena, akawaambia bado.

"Hilo hujawahi kuniambia."

"Sijamwambia mtu. Hata kule ndani sijalisema."

Msusi alitokeza mlangoni na mikoba miwili, akawaona, akarudi ndani kinyumenyume. Mshereheshaji alipomuuliza kama Kimya anarudi jukwaani, alimjibu kwamba leo hii Kimya ana kazi, na kama anataka watu wacheke, apande mwenyewe.

Kimya hakuacha jukwaa. Mkewe alimwekea sharti moja tu: lolote la nyumbani analisikia yeye kwanza, jikoni, na yeye ndiye anaamua lipi litoke na lipi libaki. Mengi aliyaruhusu. Mengine yalibaki.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Kesho yake, Jumapili asubuhi, walikwenda makaburini pamoja kwa mara ya kwanza. Kimya alitangulia, maana mke hakujua njia. Kaburi lilikuwa dogo, karibu na ukuta, limefyekwa vizuri, na hapo mke akafahamu kwamba kuna mtu amekuwa akija. Waling'oa vijimajani viwili vitatu vilivyochipua. Mke akatandika kanga chini, akaketi, akampapasia mumewe nafasi ubavuni pake.

"Nisimulie tena," alisema. "Anzia kwenye nywele."

Kimya akaketi, akaanza.