Wifi Alinimiminia Maji ya Sukari Mdomoni

"Meza! Meza nakwambia!"

Wifi yangu kanikaba taya kwa mkono mmoja, wa pili una kikombe cha maji ya sukari, ananimiminia mdomoni... mbele ya wateja watano!

Mimi! Mgonjwa wa kisukari!

"Jamani ananiua huyu!" Nikamtemea usoni.

Haya, sogeeni niwape mkanda wote.

Mimi ni msusi. Saluni yangu haikosi watu, na umbea haukosi wateja. Wifi, dada wa mume wangu, ndiye msaidizi wangu, na chai ya saa nne hupika yeye.

Siku hiyo nilikuwa nampaka mteja asali kichwani, ile ya kulainisha nywele. Nikakumbuka sijapima sukari tena tangu alfajiri. Nikafuta mikono kwa taulo, nikatoboa kidole.

Ishirini na nne!

Alfajiri ilikuwa saba... Na tangu hapo nimekunywa chai ya wifi tu!

"Umenitilia sukari?"

"Wifi, hata chembe!"

"Unataka nife, kaka yako amuoe shoga yako!"

Hata waliokuwa kwenye drai walichomoa vichwa. Nikamchana kwa maneno bila ganzi, kisha nikaingia nyuma ya pazia, nikajichoma insulini... dozi mara mbili!

Saa haijaisha, jasho linanitiririka, kitana kimenidondoka, kila mteja namuona wawili.

Wifi aliniangalia mara moja tu.

"Sukari imeshuka hiyo!"

Ndipo akanikaba.

Nilipofikishwa zahanati, nesi akaniuliza:

"Kabla ya kupima ulishika nini?"

"Asali ya mteja."

"Ulinawa?"

"Nilifuta..."

"Basi ulipima asali, mama."

Nilitamani ardhi ipasuke. Sukari haikuwa imepanda hivyo! Aliyetaka kuniua ni mimi mwenyewe... na aliyeniokoa ndiye niliyemtemea.

Niliporudi saluni, vitana vyake havipo. Leo siku ya tisa, simu hapokei.

Wenzangu wa kisukari, naweni kwa sabuni, mkaushe, ndipo mtoboe. Namba ikikushtua, nawa tena, pima tena, kabla hujagusa sindano wala kumnyooshea mtu kidole.

Na wewe wifi, najua unanisoma kimyakimya. Nilikudhalilisha mbele za watu, nakuomba radhi mbele za watu.

Njoo basi, hata kama ni kunitukana.