Aliyelegeza Bomba la Bibi Amne

Jumanne, saa moja na dakika ishirini asubuhi, Loyce alivuta bomba la kujishikizia kwenye choo cha Bibi Amne, Manundu, Korogwe. Likabaki mkononi mwake.

Loyce alikuwa mhudumu wa mradi unaowasaidia wazee wasio na uwezo waendelee kuishi kwenye nyumba zao. Aliinama kukagua ukuta. Skrubu hazikuwapo. Matundu yalikuwa yamejazwa sabuni ya mche, bomba likabandikwa juu yake.

"Bibi, hujaanguka?"

"Goti linaniuma tangu jana jioni, nimetumia ndoo chumbani," alisema Bibi Amne, mwenye miaka themanini na moja. "Kumbe mtu ananitafuta!"

Loyce alilibandika tena bomba kama alivyolikuta.

Saa tatu alimkuta karakanani fundi Enock, aliyelifunga bomba hilo kwa niaba ya mradi.

"Uliweka skrubu?"

"Nne, ndefu. Ijumaa si ulining'inia mwenyewe?"

Kweli, Ijumaa lilikuwa imara. Tangu siku hiyo walioingia kwa bibi ni wawili: Sufiani, mnunuzi wa vyuma chakavu, na Muhsin, mtoto wa marehemu kaka yake bibi, aliyeshinda hapo Jumatatu.

"Dada, chuma ndiyo riziki yangu," Sufiani alijibu kwa hasira Loyce alipomfuata kumuuliza. "Ningeling'oa bomba halafu niliache?"

Loyce aliona ana hoja. Alirudi kwa bibi, wakashauriana. Saa tano bibi akampigia simu Muhsin, nyumbani kwake Handeni.

"Mwanangu, nimeanguka." Akakata.

Saa nane mchana Muhsin aliingia sebuleni akitweta. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa ameketi pembeni na Loyce.

"Shikamoo shangazi! Si nilisema choo kile kitakuua? Hawa watu wa mradi ni waongo, bomba lenyewe wamelibandika kwa sabuni!"

"Marahaba," alisema bibi taratibu. "Mimi nimesema choo?"

Muhsin aligeuka kuutazama mlango wa choo.

"Bomba liko ukutani, ukilitazama huoni kasoro," alisema Loyce. "Habari ya sabuni tuliijua mimi, bibi na aliyeipaka. Mwenyekiti nimemwambia sasa hivi. Wewe umeijuaje?"

Muhsin alimtazama mwenyekiti. "Sikutaka afe! Nilitaka aogope, ahamie kwangu. Kiwanja kiko barabarani, shangazi. Wenzetu wanajenga nyumba za wageni, wewe umekikalia peke yako!"

"Nimekikalia kwa sababu ni changu. Mto Pangani umeingia humu ndani mara mbili, nikatoa tope kwa mikono hii. Maji hayakunihamisha. Utanihamisha wewe, Muhsin, niliyekubeba mgongoni?"

Mwenyekiti alimshika Muhsin mkono, wakaelekea kituo cha polisi. Hakubisha.

Loyce alimtaka bibi apumzike. Bibi akakataa.

"Nishike, tutoke. Niwekee kiti pale mbele, barabarani. Anayetaka kujua kama Amne bado anaishi hapa, apite anione."