Mteja wa Kiti cha Tatu

Kwa miaka ishirini na miwili kinyozi Wembe alikuwa akikata hewa kila asubuhi, na hewa haikuwahi kumwangushia hata unywele mmoja. Jumatatu ile ilimwangushia. Ulikuwa mrefu, mweupe, na ulitua kwenye sakafu aliyoifagia mwenyewe dakika mbili kabla.

Hewa yenyewe ilikuwa ya kiti cha tatu. Babu yake, aliyeifungua saluni ile, aliacha sharti: kiti cha tatu hakikaliwi, na kila siku, kabla ya mteja wa kwanza, mkasi uchezeshwe hewani mara saba kukizunguka. Babu hakueleza, baba hakuuliza, na Wembe akairithi kazi hiyo pamoja na mikasi na kioo chenye ufa. Aliifanya kama mtu anavyopiga mswaki. Wateja walimtania, "Leo umemnyoa mtindo gani huyo?" Naye alijibu bila kucheka, "Kataka denge."

Halafu halmashauri ya mji ikaleta barua. Maduka yote ya mtaa ule yahamie soko jipya, upande wa pili wa mji. Wembe alifura kwa hasira, na haki yake, maana mtu hang'olewi alipozaliwa kama msumari. Nafasi ilikuwa moja tu. Duka litakaloleta sahihi za wateja arobaini waliohudumiwa hapo kwa zaidi ya miaka thelathini litaachwa mahali pake, lenyewe na fundi wake.

Aligonga milango mpaka vidole vikamuuma. Akapata thelathini na tisa. Asubuhi ya siku ya mwisho, akichezesha mkasi kwenye kiti kitupu, alisema kwa mzaha wa mtu aliyechoka:

"Na wewe bwana, unanyolewa hapa tangu enzi za babu, tena bure. Tutilie sahihi basi, tusihamishwe."

Akaenda nyuma kuchukua taulo. Aliporudi, kwenye mstari wa arobaini palikuwa na alama ya dole gumba, nyeusi, laini, isiyo na mstari hata mmoja. Alijiambia kuna mteja kapita. Moyoni alijua hakuna mlango uliofunguliwa, lakini mwenye shida hana muda wa kuchunguza, akaikunja karatasi akaipeleka. Fundi viatu akahama, mshona nguo akahama, Wembe akabaki. Alijiona mjanja kweli.

Ndipo ikaja Jumatatu ile ya unywele. Jumanne zilikuwa nywele za kujaza kiganja. Jumatano ikaingia harufu, ya nguo zilizosahaulika majini wiki nzima, na ngozi ya kiti ikabonyea katikati. Mteja wa kiti cha pili aliangalia kioo, akatoka mbio na kichwa nusu kimenyolewa, nusu bado. Mtaa ulicheka siku nzima. Wembe hakucheka, kwani yeye pia alikuwa ameangalia kioo.

Mchana mkewe alimletea chakula. Alisimama katikati ya saluni, sahani mkononi.

"Mume wangu," alinong'ona, "mbona kile kitambaa kimefungwa?"

Kitambaa cha kunyolea kilikuwa juu ya kiti cha tatu, kimefungwa vizuri shingoni, na shingo haikuwapo.

"Usiangalie."

"Nani kakifunga?"

"Siyo mimi. Twende nje, taratibu."

Mganga waliyemwita alikuwa maarufu kwa kuyatoa majini. Alifika kizingitini, akanusa, na mguu hakuuingiza.

"Jini lililovamia nalitoa," alisema kwa sauti ya chini. "Hili halijavamia. Nyinyi mmeliomba mbaki nalo, likakubali kwa mkono wake. Irudisheni hiyo karatasi."

Ofisini walimshangaa. "Wenzako wanalia wabakizwe, wewe unalia utolewe?" ofisa alisema, akimsukumia karatasi. "Haya, kila aliyetia sahihi aikate mwenyewe kwa kalamu. Wote arobaini."

Thelathini na tisa walizikata kwa siku mbili, wengine wakimtukana. Akabaki mmoja.

Ijumaa alasiri, jua likiwaka barabarani, mkewe alisimama mlangoni na mabegi mawili. Hawakutaka kingine isipokuwa kuondoka. Wembe aliiweka karatasi kwenye mkono wa kiti, kalamu juu yake.

"Mzee wangu," alisema, "tumekosa. Tunakuomba utuachie twende zetu."

Kitambaa kikapanda kidogo, kikashuka, kama kifua kinachovuta pumzi. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mzee mpole, na upole huo ndio uliomtisha kuliko yote.

"Nitaikata. Nimalizie nywele kwanza."

Wembe nusura alie kwa furaha. Kunyoa! Kazi aliyoijua kuliko jina lake! Alishika mkasi, akatafuta hewani mpaka vidole vikagusa kichwa, baridi na chepesi, akaanza nyuma ya shingo kama alivyofundishwa na baba, na nywele zikaanguka, nyeupe, ndefu, akahamia upande wa sikio, akahamia utosini, na aliporudi shingoni akakuta pamejaa tena, akakata tena haraka zaidi, zikaanguka tena, zikamfunika viatu, na alipotaka kuuweka mkasi chini vidole vyake havikukunjuka, bali viliendelea kufungua na kufunga, kufungua na kufunga, huku karatasi ikiwa palepale na kalamu haijaguswa.

"Bado sana?" mkewe aliuliza kutoka mlangoni.

"Kidogo tu," alisema Wembe.

Jua lilihama kutoka dirishani. Nywele zilifika magotini.

"Mume wangu, gari litatuacha."

"Namalizia." Alikuwa akilia sasa, waziwazi, kama mtoto. "Wewe tangulia. Nakuomba, tangulia."

Mkewe aliangalia barabara, ambako watu walipita na mambo yao na hakuna aliyegeuza shingo. Akamwangalia mumewe, aliyezama mpaka kiunoni. Akaita jina lake mara mbili, akasubiri, kisha akayaweka mabegi chini, akaingia, akachukua ufagio.