Mteja Aliyeridhika

Kioo-tunzi kilimtazama Bi Zuwena usoni, kikasikiliza mapigo ya moyo wake, kikamtungia tamthilia isiyopata kuonwa na mtu mwingine duniani. Akichoka na msiba, kilimletea harusi. Akipiga miayo, kilimletea mwizi. Kila nyumba ya Tanga ilikuwa na kioo chake, na kila kioo hadithi yake.

Lakini wateja walikuwa wakijitoa. Katika jengo lake lenye kaya mia mbili, aliyebaki akisema ameridhika ni Bi Zuwena peke yake. Ndiyo maana Mhandisi Chausiku, aliyekibuni kioo hicho, alikuwa amekaa jamvini kwake alasiri ile, kikombe cha chai ya mchaichai mkononi.

"Kinakufurahisha kwa lipi, bibi?"

"Ngoja." Bi Zuwena akampigia simu mdogo wake, Mgeni, aliyeko Pemba. "Mgeni, umemwona yule mkwe kiooni leo?"

"Nimemwona, dada. Hana haya hata chembe."

"Kamnyang'anya mama wa watu kanga, tena msibani."

"Mimi ningemzaba kofi."

"Wewe? Wewe unayekimbia kuku?"

Wakacheka mpaka Bi Zuwena akafuta machozi kwa upindo wa kanga yake.

Chausiku hakucheka. Kioo hakiwezi kuwatungia watu wawili hadithi moja, ndivyo alivyokiunda. Akafungua orodha ya wateja, akalitafuta jina la Mgeni. Alijitoa miezi minane iliyopita.

Simu ilipokatwa, Chausiku akamgeukia mwenyeji wake. "Bibi, huyu mdogo wako..."

"Hana kioo. Najua, mwanangu. Tangu utotoni akisema uongo huitikia upesi mno." Akamwongezea chai. "Usije ukamwambia kwamba nimejua. Ataona haya, hatapokea tena simu yangu."

"Sasa kioo kina kazi gani?"

"Kinanipa pa kuanzia. Majirani zangu wao walitazama, wakimaliza wakanyamaza. Nani amuulize mwenzake, na kila mmoja kaona lake?"

Jioni Chausiku alirudi kwake, ghorofa ya sitini. Kioo kikamtungia hadithi nzuri kuliko zote alizopata kuona, ya mwanamke aliyevuka jangwa na mbuzi mmoja kilema. Ilipokwisha akashika simu. Akayapitia majina, moja baada ya jingine, akimtafuta mtu ambaye angekubali kumdanganya kwamba naye amemwona yule mbuzi.