Mlaji wa Mlangoni kwa Bwana Thapa

Miaka ya ruksa, milango ya biashara ilipofunguliwa, ilileta kila kitu Dodoma, mpaka mgahawa wa Mnepali pale Makole. Kuluthumu na Edina, makarani wa ofisi moja, waliingia mchana wakiwa na hamu ya kuonja vya watu. Sahani zilipofika walicheka: ugali wa ulezi, na mboga za majani zilizochachushwa kisha zikakaushwa.

“Yaani tumevaa viatu vya kutokea kuja kula ugali na mlenda,” alisema Edina.

“Onja kwanza, ina uchachu wake.”

Kuluthumu alikula haraka, maana alikuwa amemwacha mwanawe mchanga Ipagala kwa jirani.

Bwana Thapa, mwenye mgahawa, alichota kidogo katika kila sufuria, akaweka kisahani nje ya kizingiti, akarudi jikoni bila kueleza. Mara ajuza mmoja akachutama pale, akaanza kula vumbini. Kuluthumu alilelewa Kondoa, katika nyumba ambamo mzee kula mlangoni huku wengine wako ndani ni aibu ya ukoo mzima. Roho ikamuuma.

“Shikamoo, bibi. Karibu ndani tule.”

Ajuza aliinuka. Aliingia, akaketi kiti cha tatu, na harufu ya nywele zilizoungua ikaingia naye.

“Unamkaribisha nani?” aliuliza Edina.

Kuluthumu alidhani anataniwa, mpaka alipoona Edina ameukodolea macho ugali, ambao machoni pa Edina, asiyemwona ajuza, ulikuwa unamegeka wenyewe.

Bwana Thapa alitoka jikoni, akasimama ghafla. “Dada, umemwita ndani?” alinong'ona.

“Nimemkaribisha. Ni mzee.”

“Huyu si mtu; tunampa chakula nje ili asiingie. Sasa wewe ndiye mwenyeji wake. Akishiba atakufuata kwako, na nyumba anayoipenda ni yenye mtoto mchanga.”

“Lakini Kulu ana—”

Kuluthumu alimkanyaga Edina mguu chini ya meza. Akajaribu kuinuka, asiweze, akashika meza akajaribu tena, jasho likamtiririka mgongoni, na kila alivyojaribu ndivyo ajuza alivyozidi kutafuna taratibu, akimkagua usoni kama mama mkwe, bila kupepesa jicho hata mara moja.

“Bwana Thapa, ongeza ugali,” alisema Kuluthumu. “Edina, wewe nenda. Mimi naishi peke yangu, sina wa kunisubiri.”

Edina alimtazama, akaelewa. Alitoka kwa mwendo wa kawaida, ila alipopita dirishani alikuwa anakimbia kuelekea Ipagala.

Sahani zikaja, zikaisha, zikaja nyingine. “Kula, bibi, bado kipo,” Kuluthumu alibembeleza, huku moyoni akimwona Edina ameshambeba mtoto, ameshapanda basi, ameshafika mbali ambako hata yeye mama mtu asingeambiwa ni wapi, na kwa mara ya kwanza akapata tumaini, akaona kwamba kukaa hapa siku zote, akimlisha huyu asiyeshiba, ni jambo analoliweza.

Ila saa ya kunyonyesha ilikuwa imepita. Maziwa yakashuka yenyewe, ya moto, yakalowesha blauzi. Akakunja mikono kifuani upesi.

Ajuza aliacha kutafuna. Alinusa, akasukuma sahani kando, akavuta bakuli la maji na kunawa mkono.