Viberiti Vitatu vya Apolline

Wiki ile, kila asubuhi, watoto wa kijiji cha Wamaza walikwenda shuleni na viberiti mkononi, na ndani yake hamkuwa na njiti hata moja. Usicheke! Mlikuwa na kinyesi, kidogo kama punje ya karanga, kimefungwa kwa kipande cha jani la mgomba.

Zilikuwa zama za utawala wa Wabelgiji. Daktari mmoja Mzungu alikuwa amekuja na lori kutoka Kasongo, akaweka hadubini yake katika zahanati ya kijiji. Alitaka kujua jambo moja. Watoto wa nyumba moja wanakunywa maji ya mto mmoja. Kwa nini huyu anaharisha damu na yule yuko salama? Kuna nini ndani ya utumbo kinachomlinda? Ndiyo maana aliomba kiberiti cha kila mtoto wa nyumba, kila siku, kwa siku saba.

Apolline, msichana wa miaka kumi na miwili, alipewa na mwalimu vitatu: chake, cha mdogo wake Mado, na cha Placide, kitinda mimba wa miaka mitatu. Mama yao alikuwa kijiji cha Lusangi akivuna mpunga, kwa hiyo walikaa na Bibi. Na Bibi alikataa katakata.

"Kinyesi cha mutoto hakitoki katika nyumba hii!" alisema. "Mutu akishika uchafu wako, ameshika uzima wako. Zika chini, mujukuu wangu, zika vizuri."

Mwalimu anataka, Bibi hataki. Apolline akatafuta njia ya mkato: akajaza viberiti vyote vitatu kwa kinyesi chake mwenyewe. Mwalimu akaridhika, Bibi akaridhika, na Apolline akajiona ana akili kweli.

Siku ya sita Placide aliamka na homa, akijikunja na kulia, "Tumbo! Tumbo!" Bibi alimbeba mgongoni mpaka zahanati, Apolline nyuma yake na viberiti. Hippolyte, muuguzi waliyemwita munganga, alipokea viberiti, akapima kile cha Placide palepale, kisha akafunga daftari.

"Tumbo lake iko safi, Bibi," alisema. "Siku sita zote iko safi. Hii ni malaria."

Akampa mtoto kwinini.

Apolline alisimama mlangoni. Sema, alijiambia. Sema sasa hivi! Lakini aliogopa fimbo ya mwalimu, na zaidi ya fimbo aliogopa macho ya Bibi. Akanyamaza.

Kesho yake, jua halijawa kali, Placide alikuwa ameharisha mara nane, makamasi na damu. Midomo yake ilikauka. Alipolia, machozi hayakutoka.

"Munganga amesema tumbo iko safi," Bibi alisema. "Basi huu ni mukono wa mutu, amelogwa. Nitamupeleka ng'ambo ya mto, kwa mwenye dawa ya mizizi."

Ng'ambo ilikuwa mwendo wa nusu siku. Apolline alimtazama ndugu yake, shingo imelegea, na akajua hatafika. Upande wa zahanati lori la daktari lilikuwa likipakiwa mizigo. Saa sita lingeondoka, na hadubini ndani yake.

"Bibi, ngoja!" Sauti ilimtoka yenyewe. "Munganga hakupima tumbo la Placide. Alipima langu."

"Unasema nini?"

"Uliniambia nizike, nikazika. Halafu nikaweka changu katika viberiti vyote. Siku zote, Bibi. Nisamehe."

Bibi aliketi chini taratibu. Apolline alingoja kofi. Halikuja. Bibi alitazama damu iliyokuwa kwenye kitambaa cha mtoto, akatazama kiberiti kitupu. Kisha akakata jani la mgomba kwa mkono wake.

"Nitakibeba mimi," alisema. "Mutu atakayeshika uzima wa mujukuu wangu, nitamusimamia kwa macho yangu. Beba mutoto. Kimbia!"

Walilikuta lori likiunguruma. Apolline alisema yote mbele ya Hippolyte na daktari, akilia, bila kuficha hata siku moja. Daktari alifungua daftari, akapiga mstari mwekundu juu ya siku zote za nyumba ile. Kisha akaamuru hadubini ishushwe.

Hippolyte alipima, Bibi amesimama kando yake, amekunja uso. Mara munganga akaguna.

"Angalia, Bibi. Hivi viduara."

"Ni wadudu?"

"Hapana. Ni chembe nyeupe za damu, askari wa mwili. Wanakaa katika ukuta wa utumbo, na ugonjwa ukiingia wanatoka kwa wingi kupigana nao. Viberiti vya Apolline havikuwa na askari kwa sababu tumboni mwake hakuna vita. Vita iko hapa, na sisi tulimupa dawa ya malaria!"

Bibi aliinamia tena kioo, akakaa hapo muda mrefu.

"Wote hawa ni wa Placide?"

"Wote ni wake."

"Basi hawajamuacha," Bibi alisema, na machozi yakamtiririka.

Placide alipewa vidonge vya kutibu kuhara damu, maji yaliyochemshwa na maji ya wali yenye chumvi, kijiko baada ya kijiko. Siku mbili hakuna aliyejua kama atapona. Siku ya tatu alifumbua macho, akaomba mboga ya majani ya muhogo: "Nataka sombe." Apolline alicheka na kulia kwa pamoja.

Hippolyte alimwita barazani.

"Mwanangu, hadubini inaona vitu vidogo sana," alisema. "Lakini haioni nani amejaza kiberiti. Hilo unalijua wewe peke yako. Ukidanganya hapo, munganga anakuwa kipofu na mgonjwa anakufa. Ulichelewa kusema, lakini ulisema, na ndugu yako iko hai."

Kwa sababu ya ugonjwa ule daktari aliahirisha safari, na nyumba yao ikaanza upya siku saba. Asubuhi ya kwanza Bibi mwenyewe alileta viberiti, amenawa mikono kwa sabuni. Hippolyte akahesabu: vinne.

"Bibi, hiki cha nne ni cha nani?"

"Changu," Bibi alijibu. "Nataka kujua kama askari wangu wangali kazini."