Pumzi Iliyobaki Mfukoni

Jua lilikuwa linazama nilipobisha mlango wa mjane wa Sajini. Nilikuwa nimetumwa kazi ndogo tu: kuchukua zumari la mfuko alilokuwa akilipiga marehemu mumewe, nilirudishe kituoni.

Mimi ni fundi wa magari ya zimamoto. Muziki siujui, hata mluzi hunishinda. Lakini bendi yetu ilibaki bila mpiga zumari tangu Sajini afariki, na mkuu wa kituo akaamua kwamba mtu mwenye kifua kama changu hawezi kukosa pumzi. Amri haina mjadala. Miezi miwili nikafundishwa vidole kwa kifilimbi cha mazoezi na mwalimu wa bendi, tuliyemwita Mzee Tarumbeta. Nyumbani mke wangu alivumilia mpaka akachoka.

"Baba watoto," aliniambia, "jirani ameniuliza mbuzi wetu anaumwa nini."

Sasa nilikuwa nimefikia zumari lenyewe: mfuko wa ngozi wa kubana kwapani, bomba la kupulizia, filimbi ya vidole, na mabomba matatu marefu ya kuegemeza begani, yanayovuma bila kukoma.

Mjane alilitoa likiwa limefungwa kwenye shuka. Hakunikaribisha ndani.

"Mwanangu," alinong'ona, "ukilipiga... usimwache amalize."

"Nani, mama?"

Mlango ukafungwa. Nikasikia komeo. Kisha komeo la pili.

Kituoni, Mzee Tarumbeta alikuwa bado hajafika. Nikaingia chumba cha kuanikia mipira ya maji, nikawasha taa, nikafungua shuka.

Mfuko ulikuwa umejaa.

Nilijiambia ni joto tu, ngozi hutanuka. Nikaubana kwapani. Ulikuwa wa moto, kama mtoto mwenye homa. Harufu ikanijia puani... dawa ya kuchua. Sajini alikuwa akijipaka kifuani kila asubuhi, na kituo kizima tukimtania.

Nikatia bomba mdomoni. Mwanafunzi akipuliza mara ya kwanza, hutoka mlio wa paka aliyekanyagwa mkia. Nilikuwa tayari kwa aibu hiyo.

Sikupuliza.

Mabomba yakaanza yenyewe. Mmmmmm... Vidole vyangu, hivi vizito vya kushika spana, vikaanza kutembea kwenye matundu. Wimbo ule sikufundishwa na mtu. Ulikuwa wa taratibu, wa msiba, mzuri mpaka machozi yakanilengalenga. Na kila wimbo ulipotua, mfuko ulipumua.

Ndani. Nje.

Ndani...

Nikataka kutoa bomba mdomoni. Midomo ikakataa. Ndipo upepo ukarudi kupitia lile bomba, ukaniingia kinywani, kooni, kifuani. Upepo wa moto, mzito, wenye ladha ya chumba cha mgonjwa. Mapafu yakajaa. Yakazidi kujaa. Masikio yakaziba, na nikajua, sijui nilijuaje, kwamba wimbo umebakiza mstari mmoja.

Usimwache amalize.

Nikajipigiza ubavu ukutani kwa nguvu zangu zote. Mfuko ukalia. Mlango ukafunguka kwa kishindo. Mzee Tarumbeta akanirukia, akalinyakua zumari, akalikandamiza sakafuni kwa goti mpaka likanyamaza.

"Unakumbuka Sajini alivyoanguka gwarideni?" alisema, akihema. "Alikuwa anapuliza. Mfuko umejaa, wimbo haujaisha. Tulilifunga vile vile, hakuna aliyekumbuka kuitoa ile pumzi. Mkewe aliniambia kila jioni analisikia kabatini. Nikadhani ni uchungu wa kufiwa."

"Na wimbo ukiisha, mzee?"

Akachomoa bomba la kupulizia, akanionyesha kile kilango cha ngozi kinachozuia upepo usimrudie mpigaji. Kilikuwa kimeoza.

"Basi ni hiki," akasema, kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Ndicho kilichokurudishia upepo."

Sawa. Kilango kilieleza upepo ulivyorudi. Hakikueleza nani aliupuliza.

Tuliupasua mfuko kwa kisu. Ndani ulikuwa mkavu, hauna kitu. Mzee akasema yamekwisha, nami nilitaka sana kumwamini.

Wiki iliyofuata mke wangu akanipeleka kwa daktari. Usiku nilikuwa nalala, yeye anakaa kitako kando yangu akinisikiliza, na hakutaka kuniambia anasikia nini.

Daktari alikuwa mama mmoja mpole. Akaniweka kipimo chake mgongoni.

"Vuta pumzi. Toa. Vuta tena... sasa ibane."

Nikaibana.

Akasikiliza. Akahamishia kipimo upande wa pili. Akasikiliza tena, kwa muda mrefu, kisha akazunguka akaja kunitazama usoni.

"Baba, nimesema ubane pumzi."

Mke wangu akaanza kulia. Mimi sikuweza kumjibu daktari.

Nilikuwa bado nimeibana.